Ramani na Mwenda kwa Miguu

Ramani ni maandishi kama maandishi mengine. Ina mtungaji, ina msomaji iliyemlenga, na ina mambo iliyoyanyamazia. Hivyo ndivyo nilivyowafundisha wanachuo wa jiografia, kabla na baada ya kuwa mkuu wa chuo cha ualimu, tukitandaza mezani ramani za karatasi za kipimo cha 1:50,000. Sioni kwa nini ramani ya kwenye simu isamehewe uhakiki huo.

Nianze na sifa yake. Ramani ya Google, iliyoanza mwaka 2005, hujibu ukiigusa: gusa alama ya gari, ikupe dakika za gari; gusa alama ya mtu anayetembea, ikupe dakika za miguu. Jambo hilo dogo limevunja visingizio vingi. Hapa Dar es Salaam mwanangu alikuwa akimpeleka mjukuu wangu shuleni kwa gari kila asubuhi, akishikilia kuwa ni mbali. Ramani ikasema mita 900, dakika 11 kwa miguu. Kwa gari, katika foleni ile, dakika 14. Sikuwahi kutoa hotuba iliyomnyamazisha kama tarakimu hizo mbili.

Hata hivyo, tazama dakika 11 hizo. Ukipiga hesabu utakuta ni mwendo wa takriban kilomita 5 kwa saa, yaani mwendo wa mtu mzima mwenye afya na mikono mitupu. Mtoto wa miaka minane mwenye mkoba uliojaa madaftari hakufikiriwa, wala babu yake. Tena, na hili ndilo kubwa, njia hiyo inamkatisha mtoto barabara ya njia nne mahali pasipo na kivuko. Kwa ramani, pale ni mstari unaokutana na mstari. Kwa mtoto, pale ni daladala zinazogombania abiria. Watungaji wenyewe wanalijua jambo hili, maana maelekezo yao ya miguu huambatana na tahadhari kwamba huenda yasilingane na hali halisi ya njia. Ni uungwana kukiri, ila tahadhari haimvushi mtoto.

Ramani ya pili ni OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo kila mtu anaruhusiwa kuiandika. Ina kichekesho chake: hata kichochoro huingizwa chini ya neno la Kiingereza ambalo wengi wetu hulisikia kuwa barabara kuu, ingawa sheria ya Waingereza hulitumia kwa njia yoyote ya umma. Lakini humo ndimo nilimoona kazi bora. Kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi katika kuzichora kata za Dar es Salaam zinazokumbwa na mafuriko. Tandale kazi ya namna hiyo ilikwisha kujaribiwa mwaka 2011. Watu hao walitembea. Nia yao ilikuwa mafuriko, si matembezi, lakini kwa kuwa waliandika kwa miguu, mitaro na vijia vimo, hata pale ambapo gari lisingepenya.

Basi nikazichukua ramani zote mbili, nikaenda kuzihakiki peke yangu kabla ya kumshika mtoto mkono. Njia ya kuzunguka hadi kwenye zebra ni mita 1,300. Nilitumia dakika 24.

Mwanangu akapinga: “Baba, si kuna ile ya mita 900?”

“Hiyo itembee wewe kesho saa moja kasorobo asubuhi,” nikamwambia, “kisha tuzungumze.”

Alikwenda. Aliporudi alisema tu kwamba mtoto apite kwenye zebra.

Sasa ndiyo njia yetu, isipokuwa siku za mvua kubwa, ambapo gari hutoka na mimi sibishi. Mjukuu amekwisha kujua duka lipi linafunguliwa mapema na fundi cherehani yupi hujibu salamu. Kuna daraja la mbao juu ya mtaro, nyuma ya msikiti, ambalo halimo katika ramani yoyote kati ya hizo mbili. Anataka kuliandika. Nimemwambia kwanza ahesabu mbao zake, na awaulize wanaokaa jirani kama lina jina.