Maandishi ya Makaburi ya Wakristo wa Roma: Makosa au Ushahidi?

Maandishi ya makaburini ni utanzu unaopuuzwa na wahakiki wengi. Hudaiwa kuwa ni mafupi, yanarudiarudia maneno yaleyale na yamejaa makosa. Katika makala haya tunayapinga madai hayo kwa kurejelea maandishi ya Kilatini ya Wakristo wa kale wa Roma, ambayo Giovanni Battista de Rossi alianza kuyachapisha mwaka 1857.

Tukianza na marudio, misemo kama in pace (katika amani) na depositus (aliyewekwa) hujitokeza mara kwa mara. Hata hivyo, marudio si ukosefu wa maana. Neno depositus lina uhusiano na neno la Kilatini lenye maana ya amana, na amana hutarajiwa kurudishwa. Kwa neno moja tu, wafiwa walitaja maziko na tumaini la ufufuo.

Aidha, msomaji asiharakishe kuugawa ulimwengu huo katika makundi mawili. Jiwe la Licinia Amias, la karne ya 3, limechorwa samaki na nanga, na lina maneno ya Kigiriki yenye maana ya "Samaki wa walio hai", yaani Kristo. Lakini juu kabisa zimechongwa herufi D M, kifupisho cha wakfu kwa roho za wafu katika dini ya jadi ya Kirumi. Kaida ya utanzu hudumu hata imani inapobadilika.

Suala la makosa ndilo linalotugusa zaidi sisi walimu. Katika mawe mengi tunakuta bixit badala ya vixit (aliishi), na que badala ya quae. Fundi aliandika kama alivyosikia: sauti za b na v zilikuwa zimekaribiana, na ae ilikwisha kuwa e. Kinyume chake, tenzi za Papa Damasus (366–384), zilizochongwa kwa herufi za kupendeza za Filocalus, husifiwa sana, ila hazitufundishi mengi kuhusu matamshi ya watu wa kawaida. Kwa mwanaisimu, jiwe la fundi asiyejulikana lina thamani kubwa zaidi, kwani linaonyesha Kilatini kikielekea kuzaa Kiitalia na Kihispania.

Je, mwanafunzi wetu anapoandika "mutoto" badala ya "mtoto", tunafanya nini? Hatusemi asisahihishwe. Mtihani unadai Kiswahili sanifu, na bila shaka hata fundi yule alikusudia kuandika vixit. Tunachosema ni kwamba kalamu nyekundu peke yake haitoshi. Mwalimu aulize kwanza umbo hilo limetoka wapi, kisha asahihishe. Atakayefanya hivyo atakuwa amefundisha sarufi na isimu kwa pamoja, na mwanafunzi hatajiona mjinga kwa sababu ya lugha ya nyumbani kwao.