Jinai na Tabaka Isimani
Katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975), E. Kezilahabi asimulia tajiri Tumaini amwuaye kiongozi wa serikali shamba lake litwaliwapo kwa Ujamaa. Watu wa Iringa hawakuhitaji kufumbuliwa: Desemba 25, 1971, huko Isimani, mkulima Saidi Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu. Wahakiki wamfuatao Marx husema jinai huzaliwa na tabaka, na sheria ni chombo cha wenye mali. La kwanza nalikubali. La pili halisimami Isimani: mwenye trekta ndiye aliyenyongwa, tena kwa Kanuni ya Adhabu iliyorithiwa kwa Waingereza. Labda watasema watendaji wa dola nao ni tabaka, kama alivyoandika Shivji mwaka 1976. Basi na waseme watawala, si matajiri. Vibarua wa Isimani, ambao ardhi iligombewa kwa jina lao, hawakuwa na shauri mbele ya jaji.