Mwashi Anayeupisha Mti

Mwashi stadi utamtambua kabla hajashika tofali. Akipewa kiwanja mtaa wa Cheyo, Tabora, chenye mninga mkubwa katikati, hakimbilii sururu. Kwanza anauzunguka mti. Anatazama matawi mazito yameelekea wapi na jua la alasiri litapiga upande upi, ndipo anapochomeka vigingi na kutega kamba. Ramani ikigongana na shina, ukuta ndio unaosogea.

Ana sababu ya kuuheshimu mti huo. Mninga ukijeruhiwa hutoa utomvu mwekundu kama damu, na mbao zake kila seremala anazijua. Wengi hawajui unavyochelewa kukua. Mche wake hukauka juu kila kiangazi na kuchipua tena mvua zikirudi, mwaka baada ya mwaka, huku mzizi ukijijenga chini kwa chini. Huchukua miaka mingi kabla shina halijasimama moja kwa moja. Anayeukata leo na kupanda mwingine kesho, kivuli chake watakikalia wajukuu.

Kazi ngumu iko kwenye msingi. Sehemu kubwa ya mizizi ya mti haiendi mbali chini. Hutambaa karibu na uso wa ardhi na kuvuka hata kivuli cha matawi. Mtaro wa kawaida ukichimbwa hapo utaikata yote ya upande mmoja. Kwa hiyo karibu na mti mwashi huyu anachimba polepole, akiufukua udongo kwa mkono pale chepe linapogonga kitu kigumu. Akikuta mzizi mnene kama paja, hapitishi mtaro hapo. Anachimba mashimo mawili, moja kila upande, anainua nguzo fupi za zege, kisha analaza juu yake mkanda wenye nondo unaovuka mzizi kama daraja. Chini ya mkanda anaacha nafasi, kwa maana mzizi utanenepa na ukibanwa utainua ukuta. Shimo la maji taka analipeleka upande wa mbali. Udongo aliouchimba haulundiki kwenye shina, maana shina likifukiwa huoza na mizizi hukosa hewa.

Juu nako kuna hesabu. Mwaka 1925, kwenye maonyesho ya Paris, msanifu majengo Le Corbusier alijenga banda lenye tundu la mviringo kwenye paa, mti ukatokeza humo, na picha zake zinasifiwa hadi leo. Banda la maonyesho halikai miaka mingi, lakini nyumba ya familia hukaa. Shina huongezeka unene na upepo wa mvua za Novemba huliyumbisha, hivyo bati lililolikumbatia litaling'ata, na maji yatapenya. Fundi wa kwetu hufanya la busara zaidi: anaukata ukuta kona, anaurudisha ndani, na mti unabaki nje ukiwa umekumbatiwa na baraza pande mbili. Kenchi zinaishia mbali na matawi, na mfereji wa paa unawekwa mahali mtu atakapofika kuondoa majani.

Mpango huo si mgeni Tabora. Matembe ya wafanyabiashara wa njia ya misafara yalijengwa kuuzunguka uwanja wa ndani, na lile la Kwihara, alimokaa mmisionari na msafiri David Livingstone hadi Agosti 1872, limehifadhiwa kama makumbusho. Nyumba iliyojua kuzunguka uwanja wa mizigo na watu inaweza kuzunguka mti, uwe mninga au mtundu, mti mwingine wa miombo. Tena mtundu hulipa fadhila: hupukutisha majani kiangazi, kisha Septemba na Oktoba, joto likiwa kali na mvua bado, huchipua majani mapya mekundu na kuita nyuki. Kivuli kinarudi wakati hasa kinapohitajika.

Ujenzi wa namna hii hugharimu saruji zaidi na siku zaidi, na mwenye nyumba aambiwe hivyo mapema. Lakini saruji inauzwa dukani mwaka mzima. Mninga mkubwa hauuzwi popote. Basi, ndugu unayetarajia kujenga, kabla hujamwita mwenye msumeno, mwite mwashi, mwonyeshe mti, na umpe muda wa kutega kamba.