Boriti Iliyoungua Nayo ni Kielelezo

Msitu wa Aberdare nchini Kenya ulikuwa na hoteli ya Treetops upande wake wa Nyeri. Eric Sherbrooke Walker aliijenga juu ya mti wa mugumo mwaka 1932. Februari 1952 Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alilala humo usiku uleule babake, Mfalme George wa Sita, alipofariki. Mei 1954 wapiganaji wa Mau Mau wakaichoma. Mwaka 1957 ikasimamishwa nyingine, kubwa zaidi, juu ya nguzo, karibu na kidimbwi kilekile, na wageni wakaendelea kusimuliwa habari za 1952 ndani ya mbao ambazo mwaka huo hazikuwepo. Hoteli ina ruhusa ya kufanya hivyo, kwani inauza vitanda. Nyumba ya mkoloni iliyoungua na inayogeuzwa makumbusho haina ruhusa hiyo, maana mgeni wake amelipa ili aone ushahidi, na moto wenyewe ni sehemu ya ushahidi huo.

Kuuhifadhi ushahidi huo ni kazi ya kipimo kabla ya kuwa kazi ya hisia. Mbao nene hula moto polepole, karibu milimita 0.7 kwa dakika, kwa sababu mkaa wa juu unaukinga moyo wa mti. Boriti yenye upana wa sentimita 20, ikiungua pande mbili kwa nusu saa, hubakiwa na karibu sentimita 16 za mti. Fundi akwangue kwa patasi mpaka afike mti mzima, apunguze kidogo zaidi kwa sababu ya joto lililopenya, kisha mhandisi akokotoe uzito inaoweza kubeba. Boriti nyingi hutupwa kabla mtu hajashika patasi. Ukuta nao husema: mawe yenye madini ya chuma hugeuka mekundu yakipata joto la nyuzi 300 hivi, kwa hiyo rangi huonyesha moto ulikopita. Kuta zilizolowa maji ya kuzimia moto zipigwe lipu ya chokaa, ambayo huziacha zipumue; saruji huyafungia maji ndani.

Atauliza mtu: je, usalama? Boriti isiyofaa kubeba isibebeshwe. Itiwe chuma kando yake kibebe mzigo, nayo ibaki ilipo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kovu la moto linakumbusha chuki. Ndivyo, lakini marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003 tu, karibu nusu karne baada ya Treetops kuungua, na kulifuta kovu leo ni kumrudishia mwenye nyumba kauli ya mwisho. Chumba kimoja kipakwe rangi kama zamani. Cha pili kiachwe na masizi yake, taa ikielekezwa pale jiwe linapogeuka kutoka kijivu kuwa jekundu.