Sifa za Fundi Rejeta

Gari lenye nguvu likiingia gereji hapa Mwanza, iwe Igoma, Mabatini au Buhongwa, watu hulizunguka. Wanataka kujua injini ni ya ngapi, tabo ni ya kiwandani au imeongezwa, linamaliza spidi ngapi. Pembeni kidogo, karibu na mtaro ambako maji yanaweza kumwagika bila kumuudhi mtu, ameketi fundi mwingine, rejeta imelazwa mbele yake juu ya ringi kuukuu. Huyo haulizwi chochote. Haya nayaandika kwa ajili yake, maana tangu nianze kupenda magari ya kasi sijaona kazi iliyobeba mzigo mkubwa kiasi hicho ikapewa sifa ndogo kiasi hicho.

Tuanze na petroli. Ikiungua ndani ya silinda, ni kama theluthi moja tu ya nguvu yake inayogeuka kuwa mwendo. Theluthi nyingine hutoka na moshi kwenye ekzosi, na iliyobaki huingia kwenye chuma, kwenye oili na kwenye maji. Anayeongeza nguvu ya injini, basi, ameongeza na joto, apende asipende. Na joto haliuawi. Huhamishwa tu: kutoka ukuta wa silinda kwenda kwenye maji, kutoka kwenye maji kwenda kwenye vibati vya rejeta, kutoka kwenye vibati kwenda kwenye upepo. Likikwama popote njiani, injini ndiyo italibeba, na injini haina pa kuliweka.

Sasa chukua zile Mercedes zilizoandikwa Kompressor mgongoni, C180 na C200, ambazo barabara ya Kenyatta hazikosekani. Supachaja yake huzungushwa na mkanda unaochukua nguvu kwenye krenki, tofauti na tabo inayozungushwa na moshi wa ekzosi, ndiyo maana gari la supachaja huitika papo hapo ukigusa mafuta. Lakini kazi ya zote mbili ni moja, kushindilia hewa, na aliyewahi kujaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua jinsi pampu ile inavyopata moto upande wa chini. Hewa ya nyuzi 30 ya mchana wa Mwanza, ikishindiliwa kupita mara moja na nusu ya mgandamizo wake, hutoka huko ikiwa na nyuzi 80 au 90, na kwa supachaja za mtindo wa zamani hata 100. Hewa ya moto ni nyepesi. Oksijeni yake ni kidogo kwa ujazo uleule, na huifanya petroli iwake kabla ya wakati wake ndani ya silinda. Kompyuta ya gari ikisikia injini inagonga namna hiyo huchelewesha moto wa plagi ili kuokoa pistoni, na dereva anahisi gari limelegea. Wengi hudhani supachaja imechoka. Supachaja ni nzima; kilichoelemewa ni intakula, ile rejeta ya hewa, ambayo haijapata nafasi ya kulitoa joto lililokwisha kuingia.

Ndiyo maana kwenye siku za uwanjani, zile ambazo watu binafsi hupeleka magari yao kwenye mzunguko wa lami na kuyaachia kwa zamu za dakika 15 au 20, gari la supachaja hung'ara mizunguko miwili ya kwanza, kisha likaanza kusogelewa na magari dhaifu kuliko lenyewe. Sisi Mwanza hatuna uwanja wa namna hiyo. Wenzetu wa Kenya hufungiwa barabara huko Kiambu wakapimana muda, na Subaru ndizo zinazojaa. Lakini joto halingoji uwanja. Panda mlima Sekenke na gari la tabo lililojaa abiria na mizigo, jua la saa nane, ukitokea Igunga kwenda Singida, na utaulizwa maswali yaleyale anayoulizwa mtu wa mbio.

Afrika Mashariki ilikwisha kuulizwa maswali hayo mbele ya dunia nzima. Lancia 037, gari la supachaja lililoipa kampuni yake ubingwa wa dunia wa rali kwa watengenezaji mwaka 1983, lilikuja kwenye mbio za Safari Rally za Kenya na kurudi tena, lakini halikuwahi kushinda. Kisha mwaka 1993 Subaru ikaleta kigari cha Vivio, injini cc 658, na juu yake supachaja. Injini hiyo ni ndogo kuliko za bajaji nne zikijumlishwa, na ilikuja kukimbia kwenye mawe na vumbi la Kenya. Colin McRae, ambaye miaka miwili baadaye angekuwa bingwa wa dunia, hakufika mwisho na Vivio yake. Mkenya Patrick Njiru alifika, akashinda daraja lake. Ushindi wa jumla aliuchukua Juha Kankkunen na Toyota Celica yenye tabo, lakini mimi moyo wangu uko kwa Njiru. Nikiifikiria safari ile siwazi kona alizokata. Nawaza ule mkanda unaozunguka saa baada ya saa, rejeta ndogo iliyojaa vumbi na majani, na mikono ya mafundi wanaoisafisha kila gari linaposimama, kwa sababu mtu hafikishi injini ya namna ile mwisho kwa kukanyaga mafuta peke yake.

Huku kwetu kuna jambo jingine. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho maji ya sufuria iliyo wazi hayasubiri nyuzi 100. Yanachemka kwenye 96. Ndani ya rejeta yanazuiwa na mfuniko. Mfuniko wenye alama 0.9 hauachii kitu mpaka mgandamizo wa ndani uupite wa nje kwa kiasi hicho, na kwa hiyo maji hutulia hata yakifika nyuzi 115. Springi moja na kipande cha raba, basi. Raba ikipasuka, ulinzi wote huo umeondoka, na dereva atanunua watapampu, atanunua feni, atafungua silinda hedi, kabla ya mtu yeyote kuutazama mfuniko. Fundi ninayemsema huanza na mfuniko. Huubonyeza kwa kidole gumba, huigeuza raba kwenye mwanga, huupangusa, ndipo huuliza gari lilichemshia wapi: kwenye foleni au kwenye mwendo? Swali hilo lina thamani kubwa. Linalochemsha kwenye foleni na kupoa likikimbia, shida yake huwa kwenye feni. Linalochemsha kwenye kasi na mlimani, rejeta imeziba au maji hayazunguki. Na mwenye gari akinyoosha mkono kuufungua mfuniko injini ikiwa bado ya moto, fundi humshika mkono: "Kaka, acha kwanza. Hayo yatakuunguza uso."

Ukitaka kuona ufundi wenyewe, mngoje apate rejeta ya shaba, zile za malori na za Land Cruiser za zamani. Hupitisha moto wa gesi taratibu kwenye ukingo wa tangi la juu, akiusogeza muda wote ili risasi iyeyuke pande zote kwa pamoja na shaba isiungue. Tangi linaachia. Chini yake vinaonekana vinywa vya mirija, bapa na vyembamba, vimejaa ukoko wa kahawia. Huo ni uchafu wa miaka ya maji ya kisima yenye chumvi, yaliyoongezwa barabarani kwa chupa ya soda. Anachukua ubapa wa chuma aliouchonga mwenyewe, mwembamba kama mrija unavyotaka, anauingiza mrija baada ya mrija, na anasikiliza. Ukoko ukikatika hutoa sauti kavu. Ubapa ukigusa shaba sauti hulainika, na hapo hasukumi zaidi, kwa kuwa ukuta wa mrija ni mwembamba mno. Akimaliza anamimina maji juu na kutazama yanavyotoka chini, kama yanashuka kwa upana wote au upande mmoja unasitasita. Anapaka asidi, anarudisha risasi, anaziba matundu, anaizamisha rejeta kwenye pipa na kuijaza upepo. Kipovu kimoja kikipanda, kazi inarudi mwanzo. Sijawahi kumwona akikificha kipovu.

Rejeta za aluminiamu zenye matangi ya plastiki zimempunguzia kazi hiyo, maana plastiki haipokei risasi na watu wengi huona heri kununua nyingine. Kilichobaki, na nadhani ndicho kigumu, ni kujua upepo unapita wapi. Kandokando ya ziwa kuna wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kwa makundi ambayo mgeni huyadhania moshi. Gari likiyapita usiku, asubuhi vibati vya intakula na vya rejeta vimezibwa. Mwosha magari hupiga maji kwa nguvu kutoka mbele, wadudu wakazidi kusukumwa ndani na vibati vikalala. Fundi wetu huosha kutokea nyuma kuja mbele, kwa maji ya kasi ndogo, halafu hukaa na kipande cha msumeno wa chuma akikinyoosha kibati kimoja kimoja. Akikuta kava la feni limetupwa, hulitafuta lingine. Bila kava hilo feni huvuta hewa iliyo karibu nayo tu, na sehemu kubwa ya rejeta inabaki haina upepo.

Tabia moja ya gereji zetu naipinga waziwazi: kung'oa themostati, ile vali inayoyazuia maji mpaka injini ipate moto. Gari likichemsha, jambo la kwanza kwa mafundi wengi ni kuitoa na kuitupa, "maji yapite vizuri." Kwa injini ya kawaida hasara yake ni injini kukaa baridi, kula mafuta na kuchakaa polepole. Kwa zile injini ambazo themostati hufunga pia njia ya mkato ya maji, kuing'oa ni kuiacha njia hiyo wazi, na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta kabisa. Mwenye gari anaona sindano ya joto imeshuka akiwa mjini na anafurahi. Akipanda Sekenke, gasketi inaungua.

Kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa mwaka 2025, foleni ya kivuko ilikuwa mtihani wa magari ya tabo kuliko barabara yoyote. Subaru zenye intakula juu ya injini, ile inayopata upepo kwenye tundu la boneti, zilisimama zikinguruma juani, na joto la injini likapanda kuipasha intakula iliyoletwa kuipoza hewa. Dereva mwelewa alizima, akafungua boneti, akaiacha wazi mpaka kivuko kikaribie. Na majini penyewe hali ni ileile. Injini za mitumbwi ya dagaa hunyonya maji ya ziwa kujipoza, na huko nyuma hutoka uzi mwembamba wa maji kuonyesha kwamba mzunguko uko sawa. Nahodha wa Kirumba hutupia macho uzi huo wakati wote, hata akiwa katikati ya mazungumzo. Magugu maji yakiziba tundu la kunyonyea, uzi hukonda, naye huzima injini papo hapo, akainyanyua na kuyatoa magugu kwa mkono. Laiti madereva wetu wangeitazama geji ya joto kwa macho hayo.

Maana ufundi huu una nusu yake kwenye usukani. Anayejua kuliendesha gari la supachaja uwanjani hukimbia mizunguko michache kwa nguvu zote, kisha hutoa mguu na kuzunguka polepole mara moja au mbili, intakula ipate upepo bila kuongezewa joto. Breki nazo zinapumua. Oili ya breki ya DOT 4 ikiwa mpya haichemki mpaka ipite nyuzi 230, lakini hunywa unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na ikishakunywa vya kutosha huweza kuchemka kwenye nyuzi 155. Hapo pedali huzama na gari halisimami. Kwa hiyo hubadilishwa kabla ya siku ya mbio, si baada. Dereva huyo akirudi kuegesha hapigi breki ya mkono, maana pedi za moto zikibana diski iliyosimama huiharibu. Hazimi injini ya tabo ghafla, oili isije ikaungulia kwenye beringi. Yote haya ni adabu ya kuliacha joto liondoke kwa njia yake, na dereva aliye nayo namheshimu kuliko yule mwenye muda bora wa mzunguko mmoja.

Natamani vijana wanaosoma ufundi VETA wakae mwezi mzima kwa fundi rejeta kabla hawajaruhusiwa kushika kompyuta ya kusomea makosa ya gari. Kompyuta itawaambia joto limezidi. Haitawaambia kwamba vibati vimelala au kwamba kava la feni lilitupwa kwenye gereji nyingine.

Kazi ikiisha, fundi huyu hakabidhi funguo. Hulipandisha gari mwenyewe kilima cha Bugando kwa gia ya chini, akashuka nalo, akaliegesha uani likiwa linanguruma, na kungoja feni iwake na kuzima, iwake na kuzima tena, huku akipapasa mpira wa juu na wa chini wa rejeta kusikia kama tofauti ya joto ipo. Wateja hulalamika kwamba wanachomewa mafuta. Mimi namwambia azunguke mara ya pili, na mafuta hayo nayalipa bila kubisha.