Uso au Shanga: Nini Kitundikwe Ukutani Kasulu?

Picha zilizoifanya saratani ya watoto wa Afrika Mashariki ijulikane duniani hazikupigwa kwa ajili ya familia zao. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari, wakazunguka kilomita kama 16,000, hospitali kwa hospitali, picha mkononi: mmewahi kumwona mtoto wa namna hii? Ramani ya ugonjwa ikapatikana, na leo unaitwa kwa jina lake. Sina ugomvi na picha zile. Mhudumu wa zahanati Kibondo akiitambua taya ile mapema anaweza kuokoa maisha, maana saratani hii husikia dawa.

Lakini picha ya zahanati si picha ya maonyesho. Itundike ukumbini Kasulu, mbele ya mama mwenyewe, uone inavyogeuka. Mtoto anabaki taya tu. Kwamba alikuwa mtundu, au alipenda mpira, hakuna anayejua. Na pale ambapo uvimbe bado husemwa ni mkono wa mtu, uso ule ni chakula kipya cha wasengenyaji. Vyombo vya habari vinaupenda kwa sababu unaliza haraka. Kuliza ni rahisi, jamani.

Ndiyo maana nauthamini zaidi mpango wa Beads of Courage, ulioanza Arizona, Marekani, mwaka 2004. Mtoto hupewa ushanga kwa kila alichopitia: mweusi kwa sindano, mweupe kwa dawa ya saratani, wa njano kwa usiku wa kulala hospitali. Uzi unarefuka. Hakuna uso, hakuna chozi, lakini hebu ushike uzi wa mtoto wa miaka 5 uanze kuhesabu nyeusi. Kwangu hii ni tawasifu kamili: ina mfuatano, ina marudio yanayochosha kama maisha ya wodini yanavyochosha, na mwenye kuifafanua ni mtoto mwenyewe. Wewe mgeni unaona rangi tu mpaka akwambie. Tena kwa watu wa Kigoma si jambo la kuja. Karne ya 19 soko la Ujiji lilitumia shanga kama fedha. Ushanga kuwa kipimo cha gharama, huko walishaujua.

Kasoro ninayoiona ni kwamba hesabu hii imefungwa na matibabu. Kwa familia ya Kasulu hadithi inaanza mbali zaidi. Bugando, Mwanza, ndiyo hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa inayopokea na wagonjwa wa Kigoma, na kufika huko peke yake ni sura nzima. Ushanga wa nauli uko wapi? Wa maharage yaliyoozea shambani? Wa dada aliyeacha shule kwa muda alee wadogo zake? Ningetaka familia zenyewe ziongeze rangi hizo, hata kwa mbegu au udongo wa kwao, bila kusubiri orodha ya mtu.

Na nyuzi zilizokatika mapema zitundikwe katikati ya nyingine, si kwenye kona ya kumbukumbu. Mgeni rasmi atauliza mbona huu mfupi. Mama yake, akitaka, atamjibu.