Kamera ya Filamu ya Monsters na Sababu za Kuchaguliwa Kwake

Mwaka 2009 Mwingereza Gareth Edwards, ambaye hapo kabla riziki yake ilitokana na kutengeneza picha za kompyuta kwa vipindi vya televisheni, alisafiri kwenda Meksiko na nchi za Amerika ya Kati pamoja na waigizaji wawili na kikundi cha mafundi wachache walioweza kuenea katika gari moja, azma yake ikiwa kutengeneza hadithi ya viumbe wakubwa waliotoka nje ya dunia, aina ya filamu ambayo aghalabu hutengewa mamilioni ya dola na mamia ya wafanyakazi. Filamu iliyozaliwa katika safari hiyo, Monsters, ilionyeshwa mwaka 2010, na gharama yake, kwa mujibu wa taarifa zilizotolewa, haikufika dola 500,000. Mengi yamekwisha kusemwa juu ya viumbe wale, ambao Edwards aliwaumba kwa mkono wake mwenyewe. Juu ya kamera yamesemwa machache, hali mimi naona kuwa shauri la kamera ndilo lililoyafungulia njia mengine yote.

Kamera yenyewe ilikuwa Sony PMW-EX3, iliyoanza kuuzwa mwaka 2008. Ndani yake mna vihisi vitatu vya kupokea nuru, kimoja kwa rangi nyekundu, kimoja kwa kijani na kimoja kwa buluu, kila kimoja kikiwa na mapana ya milimita 7 hivi, na picha itokayo humo ina nukta 1,920 kwa 1,080. Lau uchaguzi ungalikuwa wa kuhesabu nukta peke yake, EX3 isingalitajwa, maana RED One ilikuwa imekwisha kutoka mwaka 2007, nayo ikitoa picha yenye nukta zaidi ya 4,000 kwa mapana. Hata leo nawaona vijana wenye vipaji vya haki wakianza na kuishia katika hesabu hiyo wanapotaka kununua kamera, jambo linalonisikitisha, kwa kuwa hesabu hiyo haisemi lolote juu ya namna filamu yao itakavyopigwa.

Namna ya Monsters ilikuwa hii: Edwards hakuwapa waigizaji maneno ya kukariri, bali alikuwa na muhtasari wa matukio tu, akawaacha Scoot McNairy na Whitney Able wazungumze kama nafsi zao zilivyowatuma, na karibu watu wote wanaoonekana pamoja nao ni wenyeji wa mahali walipopita, ambao uigizaji haukuwa kazi yao, na ambao waliombwa papo hapo washiriki. Mtu wa namna hiyo ukimwambia arudie tendo lake mara tano, mara ya pili tu uso wake umekwisha kukakamaa. Hivyo hapana budi kamera iwe inapokea tangu kabla ya mazungumzo kuanza hadi baada ya kwisha, na mpiga picha awe radhi kutupa sehemu kubwa ya alichokipata. Zilikusanyika saa zaidi ya 100 za picha kwa ajili ya filamu ya dakika 94.

Tuzipime basi saa hizo 100. Ukanda wa filamu wa milimita 35 wenye urefu wa futi 1,000 hudumu dakika 11 hivi, kwa hiyo kazi hiyo ingalihitaji kanda zaidi ya 540, mbali na ujira wa kuzisafisha. RED One, ikiandika megabaiti 28 kwa sekunde, ingalijaza gigabaiti 100 kila saa, yaani gigabaiti 10,000 kwa jumla, na maradufu ya hizo kwa mwenye busara ya kuweka nakala. EX3 huandika megabiti 35 kwa sekunde katika kadi ndogo za kumbukumbu, sawa na gigabaiti 16 hivi kwa saa. Saa zote 100 zingeenea katika diski mbili za kawaida za wakati ule. Kwa wepesi huo kadi ziliweza kumwagwa hotelini kila usiku ili asubuhi ziwe tupu, na mhariri Colin Goudie, aliyefuatana na msafara, akawa anazipanga picha hali safari ingali inaendelea. Hiyo ndiyo faida iliyonunuliwa kwa kuziacha nukta 4,000, na kwa kazi ya aina ile sioni biashara iliyo bora kuliko hiyo.

Hata hivyo kihisi cha milimita 7 kina ila yake. Kadiri kihisi kilivyo kidogo, ndivyo kila kitu kilicho mbele ya lenzi kinavyoonekana wazi kwa pamoja, uso wa mtu na ukuta ulio nyuma yake, na jicho la mtazamaji hukosa pa kutulia. Picha hufanana na ya taarifa ya habari. Edwards aliitibu ila hii kwa chombo kiitwacho Letus, kinachofungwa mbele ya kamera na kupokea lenzi za Nikon za picha za kawaida. Lenzi hiyo hutupa picha yake juu ya kioo kilichosagwa, chenye ukubwa unaokaribia ule wa filamu ya milimita 35, na kamera huipiga picha iliyomo juu ya kioo hicho badala ya kuupiga ulimwengu wenyewe. Kioo hutikiswa daima na mota ndogo, maana kikitulia chembe zake zingeonekana kama vumbi lililoganda juu ya nyuso za watu. Hivyo mandhari ya nyuma huyeyuka, na uso hubaki peke yake. Chombo hiki kina ushuru wake: hula sehemu ya nuru, na huirefusha kamera hata uzito ukaelemea mbele. Kwa filamu iliyosimama juu ya nyuso mbili, ushuru huo ulistahili kulipwa.

Mtu ataweza kuuliza kwa nini asichukue Canon 5D Mark II, iliyotoka mwaka 2008 ikiwa na kihisi cha milimita 36 na bei ndogo zaidi. Kamera hiyo hadi Machi 2010 ilipiga fremu 30 kwa sekunde tu, wala si 24 za sinema, na kila kipande chake kilikoma karibu na dakika 12. Kwa mazungumzo yasiyoandikwa, kukatika huko ni msiba.

Dhaifu kuliko yote katika EX3 ni rangi, kwa kuwa ili kupunguza uzito wa picha, kila nukta nne hugawana taarifa moja ya rangi, na anayetaka kupachika mnyama wa kompyuta kati ya miti huzipata kingo zilizochakaa. Fauka ya hayo vihisi vyake husoma picha mstari baada ya mstari, hata mkono ukitikisika nguzo huinama. Lakini hapa aliyeshika kamera, aliyeongoza waigizaji na aliyekuja kutengeneza picha 250 hivi za kompyuta nyumbani kwake alikuwa mtu mmoja, akijua wakati wa kupiga ni lipi ataliweza baadaye na lipi litamshinda. Katika kazi ya watu wengi, mpiga picha hana haki ya kumtwika mwenzake mzigo wa namna hiyo bila ya kumshauri.

Mwaka 2023 Edwards alitoa The Creator, iliyogharimu takriban dola milioni 80, na kamera yake kuu ilikuwa Sony FX3, ambayo bei yake wakati huo ilikuwa kama dola 4,000. Kihisi chake kina mapana ya milimita 36, ukubwa uleule uliokuwa ukitafutwa juu ya kioo cha Letus, kwa hiyo kioo kikaondoka pamoja na ulaji wake wa nuru. Uwezo wa kuona gizani ukapanda hata taa ndogo zikatosha kwa usiku. Na picha, badala ya kubanwa ndani ya kadi, zikaandikwa katika chombo cha nje bila ya rangi zake kugawanywa.